Beseni la Nguo na Sosi ya Kabichi

Mpendwa Mshauri Tiripa,

Naomba unisaidie, na naomba usinicheke ukifika kwenye kabichi, maana najua mwanzo wa barua hii utakufanya udhani nimekosa kazi ya kufanya, lakini mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, nina mume, watoto watatu na akili zangu timamu, na tangu Jumamosi ya Pasaka sina raha kwa sababu ya sosi ya kabichi.

Nianze na jambo ambalo silionei haya hata kidogo: sosi yangu ni tamu. Wote huku tumelelewa na ile ya mama zetu, kopo la maziwa mazito matamu, siki, unga wa haradali, chumvi, koroga, subiri, basi, na mimi sina ugomvi nayo, ila siki naipunguza kwa nusu nikajazia maji ya malimau ya mti wa nyumbani, na mwisho kabisa, kabla tu ya kuimwagia kabichi, naingiza krimu, na hapo inakuwa laini kiasi kwamba watu wanafuta sahani kwa mkate na kuniuliza nimeweka nini, na siwaambii.

Sasa Pasaka tulikuwa tunafunua jiwe la kaburi la Mzee Paora, mume wa Shangazi Kararaina, aliyefariki mwaka juzi. Shangazi Kararaina ndiye dada mkubwa wa marehemu baba yangu, na ndiye mwenye jiko letu pale marae, kwenye nyumba ya mikusanyiko ya ukoo, kwa miaka zaidi ya thelathini, ana miaka sabini na sita na magoti yamemchoka, lakini hakuna kijiko kinachohama kwenye droo bila yeye kujua, na siku hiyo alitakiwa akae mbele na wageni kama mjane, si jikoni, kwa hiyo alitugawia kazi wiki nzima kabla, wanaume na hangi yao ya kuoka shimoni kwa mawe ya moto, binamu yangu Wikitoria viazi na nyama baridi, mimi saladi zote, watu mia mbili na arobaini, na akaniambia mbele ya wote, "Ripeka, siku ya Paora nakuachia wewe, usiniangushe." (Ripeka si jina langu, na wengine nao nimewabadilisha.)

Asubuhi hiyo kabichi ishirini zilikuwa zimeshakatwa na makopo ishirini na manne yamefunguliwa yamepangwa mezani, nikageuka kutafuta bakuli kubwa, na hakuna. Tuna mabakuli makubwa sita ya chuma, mshauri, na yote sita yalikuwa kazini, matatu yana samaki wabichi na tui la nazi, moja lina viazi vya Wikitoria, moja lina kome wanaotoa mchanga, na la sita mtu kalijazia jeli ya watoto, nikamwambia Wikitoria ahamishe viazi vyake kwenye trei na yeye akasema, "Zihamishe kabichi zako," basi nikatoka nje nimewaka, nikafungua buti ya gari langu, na humo mlikuwa na beseni jeupe, kubwa, zuri.

Hilo beseni ni la nguo. Ninaloweka jezi za raga za wanangu na soksi za mume wangu, na zaidi ya hizo, na chini yake nimeandika mwenyewe kwa wino usiofutika NGUO, kwa herufi kubwa, kwa sababu mama yangu alinilea vizuri na nyumbani kwangu hata vitambaa vya kufutia vyombo havijawahi kuingia mashine moja na nguo za ndani. Sina haja ya kukueleza, unajua, cha mwili ni cha mwili na cha chakula ni cha chakula, wala hatuvichanganyi. Lakini saa zilikuwa zinakwenda, nikalimwagia maji ya moto mara mbili, nikalisugua kwa siki na chumvi, nikajiambia plastiki ni plastiki, nikaliingiza jikoni.

Aliyekuwa karibu ni wifi yangu Kirsty, mke wa mdogo wangu Tamihana. Kirsty ni Pakeha, mzungu, kwao ni kusini kwenye mashamba ya kondoo, ana miaka mitatu tu kwetu, msichana wa kimya mwenye mikono ya kazi. Nikamwambia anishikie beseni nikoroge, akalishika, akaliinamisha kidogo, akaona chini.

Akasema taratibu, "Wifi, hili si lile la..."

Nikamwambia, "Shika vizuri, acha maneno."

Akashika. Nikamwaga makopo yote, haradali, chumvi, siki, malimau, nikakoroga kwa mwiko ule mrefu, na mwanzoni ilikuwa nyepesi kiasi kwamba Wikitoria alipita akasema, "We dada, hiyo ni sosi au ni chai ya maziwa?" na mimi sikumjibu kwa sababu najua siki inahitaji muda wa kuyashika maziwa, nikaifunika nikaenda kuchambua majani ya saladi, na niliporudi baada ya saa nzima ilikuwa imesimama, unazamisha mwiko unatoka umevaa koti. Nikaingiza krimu. Nikaonja. Mungu anisamehe, ilikuwa sosi nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza.

Ilikwisha yote. Wageni wa upande wa pili wa mto waliomba ya kubeba. Na tulipoitwa kutoka jikoni na aproni zetu kwenda kuimba mbele ya wageni, kama desturi, Shangazi Kararaina alisimama na fimbo yake, akashukuru, akalia kidogo kwa ajili ya Mzee Paora, kisha akasema Paora alikuwa anapenda saladi ya kabichi kuliko nyama na leo angekula sahani tatu, na kwamba magoti yake yamemwambia imetosha, na kuanzia Matariki, sikukuu ya mwaka mpya wetu, atakayeshika jiko la marae yetu ni mimi. Watu wakapiga makofi mpaka vikombe vikatikisika. Mshauri, nimelitaka jiko hilo tangu nina miaka kumi na mbili.

Jumapili tunaosha vyombo. Shangazi akaingia, akaona beseni limeegemezwa ukutani na sosi imekauka kwenye ukingo, akaligeuza. Akasoma.

Akauliza, "Nani kaleta hili humu?"

Mimi nilikuwa nimeshika sufuria. Kirsty alikuwa sinkini, mikono imezama kwenye povu mpaka kwenye viwiko. Kabla sijafungua mdomo Wikitoria akasema, "Si ni huyo wa kusini. Atajua wapi? Kwao wanaoga na mbwa." Watu wawili watatu wakacheka, cheko la kuona aibu. Kirsty akageuka akaniangalia. Akaniangalia, mshauri, muda wa kutosha mtu kusema neno moja, lakini niliona lile jiko lote, zile sufuria, yale makofi, nikainamia sufuria yangu nikaendelea kuifuta. Akageuka kwa shangazi akasema, "Samahani, shangazi. Sikujua."

Shangazi hakumgombeza. Alimwambia, "Basi, mwanangu, kama hukujua hukujua. Kaa nje ya jiko kwanza, tutakufundisha." Kisha akatoka na beseni mwenyewe, na fimbo yake, na nilimwona kupitia dirishani akiwa amesimama kwenye mapipa ya taka na beseni mkononi, analia, siku moja tu baada ya jiwe la mumewe.

Hakuna aliyemfundisha Kirsty kitu. Mwezi uliopita tulikuwa na msiba, siku tatu, na yeye alitandika magodoro na kuosha vyoo, akitaka chai anapewa kupitia dirishani. Tamihana hajui kilichotokea ila anajua mke wake anadharauliwa, ameacha kunisalimia vizuri, na juzi aliniambia kama ndivyo ukoo wetu ulivyo basi wanahamia kusini kwa wazazi wa Kirsty, wameshaanza kutafuta shule ya mtoto. Kirsty mwenyewe hajasema neno, si kwangu, si kwa mume wake. Akinikuta ananisalimia, "Hujambo, wifi," kama kawaida, na mimi natamani anizabe kibao.

Matariki ni wiki tatu zijazo. Nimefikiria hivi, na ndilo ninalotaka uniambie kama ni sawa: nikinyamaza nikapokea jiko, mimi ndiye nitakuwa mwenye kauli, nitamrudisha Kirsty jikoni taratibu, leo vikombe, kesho mkate, mpaka watu wasahau, na kila mtu atakuwa amepona bila Shangazi Kararaina kuumia mara ya pili, maana akijua ni mimi, niliyelelewa mikononi mwake, naogopa itamvunja. Au niseme, nipoteze jiko, na nimvunje? Na la pili, samahani kwa kuchanganya makubwa na madogo, Matariki wanakuja mia tatu na wote wameshaulizia ile sosi, je, niichanganyie kwenye nini?

Wako,
Ripeka

—

Ripeka,

Nimecheka. Uliniomba nisicheke, nikashindwa pale kwenye jeli ya watoto, kwa sababu hakuna marae nchi hii isiyo na mtu wa kujaza jeli kwenye bakuli la mwisho. Kisha nimefika kwenye sinki na kicheko kikaisha.

Kwanza nikuondolee mzigo usio wako. Hukufanya uovu kwa kuzidiwa asubuhi ya watu mia mbili na arobaini. Nimeshika jiko letu miaka kumi na tisa na naijua ile saa ambayo mikono inafanya kabla kichwa hakijaulizwa. Mimi mwenyewe, nikiwa mke mpya na najiona najua kila kitu, niliketi juu ya meza ya kukatia mkate nikapiga soga, na mama mkwe wangu aliuchukua mkate wote mbele yangu akaenda kuwapa kuku. Mikate kumi na minane. Nilitamani ardhi ipasuke. Watu wanakosea jikoni, na ndiyo maana kuna wakubwa jikoni.

Sasa nikugombeze. Usiniambie habari ya maji ya moto. Hakuna aliyeugua tumbo, najua, na kwa jinsi ulivyolisugua beseni lilikuwa safi kuliko masikio ya wanao. Shangazi yako hakulia kwenye mapipa kwa ajili ya vijidudu. Alilia kwa sababu chakula cha siku ya mumewe kimechanganywa na soksi, na wewe unajua hivyo, uliandika neno lenyewe chini ya beseni kwa mkono wako. Kujiambia plastiki ni plastiki ni maneno ya mtu anayejua anachofanya.

Lakini hilo la beseni ni dogo. Ungelisema Jumapili ile ungepigwa kelele, ungetupiwa kitambaa, mngesali, mngelitupa beseni, na kufikia sasa Wikitoria angekuwa anakutania nalo kwenye kila mkusanyiko. Kubwa ni Kirsty.

Soma barua yako tena ukiwa umekaa. Katika jiko zima, mtu pekee aliyeona kosa kabla halijatendeka, akalisema, kwa adabu, kwa sauti ya chini ili asikuaibishe, ni huyo mnayemwita wa kusini. Ulimjibu ashike vizuri aache maneno. Kisha lilipofika suala la nani hajui mila, mkamnyooshea kidole yeye, na wewe uliyejua kuliko wote ukakaa na sufuria yako. Ametandika magodoro kwa ajili yako. Ameosha vyoo kwa ajili yako. Amepokea chai dirishani kama mpita njia, kwenye nyumba ya ukoo wa mtoto wake mwenyewe. Nimekasirika, Ripeka, na sitaki kukuficha.

Unaniuliza kwa nini hajasema. Hukuuliza, lakini kila mstari wako unauliza. Sidhani anakuogopa. Nadhani pale sinkini alikutazama akakupa nafasi, na kila akikusalimia, "Hujambo, wifi," anakupa tena. Mtu wa namna hiyo akichoka hapigi kelele, anafungasha. Umeshaambiwa wanatafuta shule.

Kuhusu mpango wako wa vikombe leo na mkate kesho, hapana. Unataka kumpa kwa hisani kile ulichomnyang'anya, na yeye akushukuru! Halafu kila akishika kikombe jikoni kwako utakuwa unasikilizia kama leo ndiyo siku atakayosema. Utaanza kumwogopa, na baada ya kumwogopa utaanza kumchukia, nimeona hayo yakitokea kwa watu wazuri kuliko wewe na mimi. Jiko ulilolitaka tangu una miaka kumi na mbili litakuwa sehemu usiyotaka kuingia.

Na hilo la kumvunja Shangazi Kararaina, acha kumtumia mama wa watu kama ngao. Amezika mume, ameendesha jiko miaka thelathini, na bila shaka amewazika pia mama zenu wadogo waliokuwa wakimenya naye viazi. Hatavunjika. Atakasirika, na unachoogopa ni hasira yake. Iogope, ni haki yako, kisha nenda.

Fanya hivi. Kwanza mpigie Kirsty, leo, usimtumie ujumbe. Usimwombe msamaha kwa maneno mengi mpaka aanze kukufariji wewe. Mwambie ulichofanya, yeye anakijua lakini anahitaji kusikia kwamba na wewe unakijua, mwambie kesho asubuhi unakwenda kwa shangazi, na umuulize kama angependa kuwepo au la. Akisema hapendi, usimbembeleze. Akitaka Tamihana ajue kutoka kwako, mwambie Tamihana, na akikutukana pokea, ni mdogo wako.

Kwa shangazi usiende na keki. Nakufahamu bila kukujua, utataka kuoka. Nenda mikono mitupu, mchana kweupe, kabla chakula cha mchana hakijabandikwa jikoni.

Baada ya hapo liko la jikoni. Kirsty aliaibishwa mbele ya watu, kwa hiyo hawezi kusafishwa kwa kunong'onezana kwenye simu. Siku ya kwanza mtakapokusanyika kwa maandalizi ya Matariki, wote wakiwa wamevaa aproni na kabla kisu hakijashikwa, simama useme, dakika moja tu, huku Wikitoria akisikia. Usimseme Wikitoria. Maneno yake kuhusu mbwa yatamrudia mwenyewe pale atakaposikia ukweli, na kama hayatamrudia, shangazi yako ana fimbo.

Jiko utalipoteza? Pengine. Kama shangazi atakuambia subiri mwaka, subiri mwaka. Kama atakuambia nenda kaoshe vyoo, chukua brashi, na vioshe kama Kirsty alivyoviosha. Lakini na mimi niseme ninachokiona: mwanamke anayekwenda mwenyewe kusema hivi, bila kukamatwa, ni mtu ninayeweza kumwachia jiko langu. Hilo usimwambie shangazi yako. Mwache alione mwenyewe, au asilione.

Haya, sosi. Umeuliza na nitajibu, kwa sababu watu mia tatu watakula bila kujali nani analia.

Tatizo lako tangu mwanzo lilikuwa kutaka chombo kimoja. Nani kakuambia sosi ya watu wengi lazima ikae pamoja? Sisi tunatumia chupa za jamu, zile kubwa zenye vifuniko vya kufunga vizuri. Kopo moja la maziwa mazito kwa chupa moja. Kwa kopo lilelile tupu pima siki na malimau, nusu kwa nusu kama unavyofanya, jumla isizidi robo tatu ya kopo. Kijiko cha chai cha unga wa haradali, nusu kijiko cha chumvi, na haradali uivuruge kwanza kwa siki kidogo, la sivyo utakuta madonge na mtu atang'ata moja atoe machozi. Funga, tikisa mpaka uhesabu hamsini, weka kwenye friji, usiifungue kuichungulia. Nyepesi itakuwa, usihangaike, kila mwaka kuna mtu anaingiwa na hofu akaongeza kopo la pili na kupata kitu cha kupaka ukutani. Saa moja inatosha, usiku mzima ni bora zaidi.

Chupa moja, kabichi moja. Kwa hiyo kwa watu mia tatu ni chupa ishirini na tano, na wa kuzitikisa mnao. Wazee wetu wote waliokatazwa kusimama na madaktari wanakaa barazani asubuhi, kila mmoja chupa yake, na hapo wanasengenya mpaka sosi inasimama yenyewe. Kazi haijawahi kutushinda.

Krimu usiitikise pamoja na vingine, umefanya vizuri kuiweka mwisho. Vijiko vinne vya mezani kwa kila chupa, koroga kwa mkono mwepesi. Na kabichi usiitie sosi mpaka wageni wawe wanaingia kukaa, kwa sababu chumvi inaikamua, utakuta umepeleka mezani supu baridi. Kabichi ikatwe nyembamba kabisa, karoti iparuzwe, kitunguu kidogo, na usithubutu kuweka zabibu kavu. Nimemaliza.

La nani akusimamie sosi hiyo siku ya Matariki, kama bado utakuwa na sauti jikoni humo, mtu nimeshamtaja, na ana macho yanayotazama chini ya vyombo.

Sasa funga gazeti. Kesho utakapofika mlangoni kwa shangazi yako, utataka kuanza na yale mabakuli sita, na samaki, na kome, na viazi vya Wikitoria, na saa zilivyokuwa zinakwenda. Vyote hivyo ni kweli na vyote viache nje pamoja na viatu vyako. Mwangalie, useme, "Shangazi, beseni lilikuwa langu, na nilijua." Kisha unyamaze, hata akikaa kimya muda mrefu, na usiondoke mpaka aseme.

Tiripa